Nini Kitulie? Hotuba kuhusu Kupiga Picha Ndege wa Ufukweni kwa Shata ya Polepole

Mheshimiwa Mwenyekiti, wapiga picha wenzangu, watazamaji wa ndege, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa wengi waliofunzwa kupiga picha za ndege linaonekana kama ukaidi wa makusudi. Somo la kwanza analopewa mwanafunzi wa fani hii ni kwamba kasi ya shata, yaani kile kizibo cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, na kwamba ndege akiwa angani ni heri iwe 1/2000 au ya haraka zaidi, ili jicho lionekane wazi na kila unyoya uhesabike. Leo nitazungumzia 1/30, 1/15, 1/8, na mara nyingine sekunde nzima, ambapo ndege huachwa ajiandike mwenyewe kwenye picha kwa mwendo wake, hadi umbo lake lilegee na kuwa mchirizi au kivuli. Sina ugomvi na picha kali, zile ambazo kila kitu kimo wazi bila ukungu; ninazipiga na ninazipenda. Ninachotetea ni kwamba picha ya ukungu wa mwendo ina nidhamu yake, tena nidhamu ngumu kuliko wengi wanavyodhani, na kwamba nidhamu hiyo huanzia kwenye swali moja ambalo mpiga picha anapaswa kulijibu kabla hajagusa namba yoyote kwenye kamera: ndani ya fremu hii, nini kitulie? Asiye na jibu atarudi nyumbani na picha zilizoharibika, na kuziita sanaa hakutazisaidia.

Wapiga picha wa mwanzo walilazimishwa kulikabili swali hilo na vifaa vyao wenyewe. Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris, barabara iliyokuwa na pilikapilika nyingi, lakini kwa kuwa picha ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, watu na magari ya farasi waliokuwa wakipita hawakuacha alama yoyote. Aliyebaki akaonekana ni mtu aliyesimama kusafishiwa viatu. Kuanzia hapo juhudi kubwa zilielekezwa kwenye kufupisha muda, na mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde, kila moja kwa takriban 1/720 ya sekunde, na shabaha yake kubwa ilikuwa ndege warukao. Marey alitaka kuugawanya mwendo vipande vipande ili aupime. Ilipofika miaka ya 1950, mpiga picha Ernst Haas, mzaliwa wa Vienna, alielekea upande wa pili: alipiga mapambano ya fahali nchini Hispania kwa shata ya polepole, akitumia filamu ya rangi ya Kodachrome ambayo wakati huo wepesi wake wa kupokea mwanga, unaopimwa kwa namba za ISO, ulikuwa mdogo, ISO 10 hivi, na upungufu huo wa filamu akaugeuza kuwa lugha. Sisi leo tuna sensa, yaani vipande vya kamera vinavyopokea mwanga badala ya filamu, zinazoona gizani, hivyo hakuna kinachotulazimisha kwenda polepole. Tukienda polepole, ni kwa hiari yetu, na kila tunachokifanya kwa hiari tunaweza kuulizwa sababu yake.

Kwa nini ndege wa ufukweni hasa? Sababu ya kwanza ni mandhari. Mchanga uliolowa, tope na maji ya kina kifupi ni uwanja usio na vichaka wala matawi ya kuingilia mstari wa ndege, na uwanja huo hubadilika rangi kila baada ya dakika chache kadiri anga inavyobadilika. Sababu ya pili ni mwendo wenyewe. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni wenye miguu myembamba, na jamaa zao hawatembei ovyo. Kila aina ina mwendo wake unaojirudia, na kitu kinachojirudia kinaweza kungojewa. Sababu ya tatu ni maji ya bahari, ambayo huwasogeza ndege kwa ratiba inayojulikana. Maji yanapojaa, hasa wakati wa bamvua, yanapojaa sana, eneo la kulia chakula hupungua na ndege husogezwa hatua kwa hatua kuelekea nchi kavu, ilhali wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo tu, wanaweza kubaki mbali na mpiga picha siku nzima. Anayejua kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa hana haja ya kumfukuzia ndege. Anatangulia, analala chini, anatulia, na maji yanamletea ndege. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa kazi hii methali hiyo ichukuliwe neno kwa neno, kwa sababu kamera ikiwa juu ya ndege, mandhari ya nyuma huwa mchanga ulio miguuni pake, na ikiwa usawa wa macho yake, mandhari huwa maji ya mbali yaliyolainika.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini cha ufundi wote huu, na ambalo mafunzo mengi hulipita kwa sababu yanakimbilia namba. Shata inapokaa wazi, kila sehemu ya sensa hukusanya mwanga wote unaoifikia katika muda huo. Ndege mweupe akipita mbele ya maji meusi, huongeza mwanga kila anapopita, kwa hiyo mchirizi wake huandikika. Ndege mweusi akipita mbele ya maji yanayong'aa hufanya kinyume: anauzuia mwanga kwa sehemu tu ya muda, na kabla na baada ya hapo mwanga wa nyuma unaingia na kumfuta. Ni kama chaki na makaa juu ya ubao mmoja mweusi. Chaki huacha mstari, makaa hayaachi kitu. Hii ndiyo sababu miguu myembamba ya kitwitwi anayekimbia mbele ya maji ya fedha hupotea kabisa, mwili ukabaki ukielea, na ndiyo sababu picha ileile mbele ya kivuli cha wingu zito humwonyesha ndege mzima. Kwa hiyo, kabla ya kupanga kasi ya shata, tazama ni kipi chenye mwanga zaidi, ndege au kilicho nyuma yake. Ndege mwenye rangi mbili zinazopingana, kama yule mweupe mwenye mistari myeusi na mdomo uliopinda kwenda juu ambaye wataalamu humwita Recurvirostra avosetta, ni zawadi kwa kazi hii, kwa kuwa sehemu zake nyeupe huandika na sehemu zake nyeusi hufutika, na picha hujichora yenyewe kwa mistari ambayo hakuna jicho lililoiona.

Kutokana na kanuni hiyohiyo, kiasi cha mwanga hupimwa tofauti. Katika picha kali, weupe wa ndege huungua upesi, yaani hupata mwanga mwingi mno ukabaki mweupe mtupu, na mpiga picha hulazimika kupunguza. Katika mchirizi, weupe huo umesambazwa juu ya eneo kubwa na kuchanganyika na rangi ya nyuma, kwa hiyo unaweza kuruhusu mwanga zaidi kidogo kuliko ulivyozoea, mradi hakuna sehemu ya ndege iliyotulia kwa muda wote wa shata. Ikiwa ipo, pima kwa ajili ya sehemu hiyo.

Tukija kwenye urefu wa mchirizi, wengi huuliza: kwa ndege fulani, shata iwe ngapi? Jibu la namba moja halipo, lakini kipimo kipo, nacho ni urefu wa mwili wa ndege mwenyewe. Kamera ikiwa imetulia, jiulize ndege atasogea sehemu gani ya urefu wa mwili wake shata ikiwa wazi. Chukua mfano wa kitwitwi mweupe anayekimbizana na mawimbi, Calidris alba, ambaye ana urefu wa sentimita 20 hivi na ambaye, tofauti na jamaa zake wa karibu, hana kidole cha nyuma. Tuseme anakimbia kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde. Kwa 1/30 ya sekunde atasogea karibu sentimita 7, yaani theluthi ya mwili wake, na umbo lake bado litatambulika ingawa limelegea. Kwa 1/8 atasogea sentimita 25, zaidi ya urefu wake wote, na kitakachobaki ni utepe. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakijali lenzi wala umbali, kwa maana ukimsogeza ndege karibu, mwili wake na mchirizi wake hukua pamoja. Kwa maoni yangu, kati ya theluthi na nusu ya mwili ndipo mahali penye utamu, ambapo mtazamaji bado anasema "huyu ni ndege" bila kuweza kuonyesha ndege anaanzia wapi na anaishia wapi. Kupita urefu mzima wa mwili kunafaa pale tu ambapo ndege ni wengi na mistari yao inaelekea upande mmoja.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inamchukulia ndege kama kitu kigumu kinachoteleza, na ndege hayuko hivyo. Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, na naomba nikae kidogo. Ndege anayekimbia ana mguu mmoja uliokanyaga chini, na kwa muda wote uliokanyaga, mguu huo hausogei hata chembe. Kwa hiyo, kamera ikitulia, kidole kinaweza kutoka wazi kabisa chini ya mwili uliogeuka moshi. Ndege wengi wanapotembea hukiacha kichwa mahali pamoja huku mwili ukisogea mbele, kisha hukirusha kichwa ghafla na kukituliza tena. Ukipata kipande kile ambacho kichwa kimetulia, unapata jicho juu ya mwili unaotiririka, na hiyo ni picha ambayo kompyuta haiwezi kuibuni, kwa sababu ukungu unaotengenezwa kwa programu husukuma kila kitu upande mmoja kwa kiasi kimoja. Mabawa nayo yana siri yake. Bawa hupungua kasi linapofika juu kabisa na linapofika chini kabisa, na huwa na kasi kubwa zaidi katikati, hivyo shata ikikaa wazi kwa mpigo mzima, bawa huandikika zaidi kwenye ncha hizo mbili, na ndege huonekana ana mabawa mawili kila upande, moja juu na jingine chini, na kati yake utando mwepesi. Kwa ndege anayepiga mabawa mara 10 kwa sekunde, 1/10 hukupa mpigo mzima, na 1/20 hukupa nusu yake, yaani kupanda tu au kushuka tu. Tofauti ya picha hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti ya namba zake.

Tabia ya kula nayo humpangia mpiga picha ratiba. Ndege wa jamii ya Charadrius, wenye macho makubwa na wanaowinda kwa kuona, hukimbia hatua chache, husimama wima, hutazama, kisha hudonoa. Wale wa jamii ya Calidris huchoma tope kwa mdomo mfululizo, mithili ya cherehani, wakitembea bila kusimama sana. Kwa wale wa kwanza, mwanzo wa mbio na mwisho wake ni hazina, kwa sababu ndani ya shata moja ndege anaweza kuwa ametulia nusu ya muda na kusogea nusu iliyobaki, na matokeo yake ni umbo kamili lenye mkia wa mwanga. Kwa wale wa pili, ungojee kundi lililoinamisha vichwa na utumie kamera iliyotulia kwa 1/8 au 1/4 ya sekunde: miguu inabaki, migongo inabaki nusu, na midomo inageuka kuwa mvua. Yupo pia Actitis hypoleucos, ambaye hata akisimama hutikisa sehemu yake ya nyuma juu na chini bila kuchoka. Kwake yeye unaweza kupata kichwa na miguu vilivyotulia na mkia ulioyeyuka. Mtazamaji wa ndege mwenye uzoefu, ambaye mara nyingi humtambua ndege kwa mwendo kabla ya kuona rangi, atamjua katika picha hiyo bila kusoma maelezo. Hili nawaambia wale wanaodai kwamba ukungu humnyima ndege utambulisho wake. Ni kweli kwamba picha hizi hazifai kwa kumbukumbu za kitaalamu za aina na idadi. Lakini mwendo nao ni utambulisho, na picha ya 1/2000 huutupa wote.

Mpaka hapa nimezungumzia jibu moja la swali letu: ardhi itulie, ndege asogee. Jibu la pili ni kinyume chake, yaani kamera imfuate ndege ili yeye atulie na dunia iteleze nyuma yake. Ndege wa ufukweni arukaye kwa takriban mita 15 kwa sekunde, akipita umbali wa mita 50, humlazimisha mpiga picha mwenye lenzi ya milimita 500 kuigeuza kamera kwa kasi ambayo, katika 1/15 ya sekunde, mandhari ya nyuma itateleza zaidi ya robo ya upana wa picha. Huo ni mteleko wa kutosha kugeuza vivuli na mng'ao wa mawimbi kuwa mistari mirefu iliyonyooka. Anayetaka mistari hiyo iwe na maana achague mandhari yenye madoa ya rangi, kwa kuwa anga tupu ya kijivu ikitelezeshwa hubaki anga tupu ya kijivu, na juhudi zote za mikono hazitaonekana.

Kuhusu mwili wa mpiga picha, nitataja mambo machache yenye uzito. Miguu yake ielekee pale ndege atakapokuwa wakati wa kupiga, wala si pale anapotokea, ili kiuno kijifungue kadiri ndege anavyokaribia badala ya kujikaza. Afyatue ndege anapopita moja kwa moja mbele yake. Pale ndipo kasi ya kugeuka inapofikia kilele, na kwenye kilele haiongezeki wala haipungui, hivyo mkono ulioizoea hauhitaji kubadilika. Kabla au baada ya hapo kasi inabadilika kila wakati na mkono unabaki nyuma. Kisha aendelee kumfuata ndege hata baada ya shata kufungwa. Kwenye kamera zenye kioo cha ndani kinachopeleka taswira kwenye kitazamio, kitazamio hicho huwa giza shata ikiwa wazi, na kwa 1/8 ya sekunde giza hilo linahisika. Zile zisizo na kioo nazo zinaweza kugandisha taswira kwa muda huohuo. Kwa vyovyote vile sehemu ile muhimu kuliko zote hupigwa bila kuona, kwa kumbukumbu ya mwili peke yake, na ndiyo maana mazoezi kwa shakwe wa kawaida, ambao hawana haraka na wapo kila mara, ni ya thamani kuliko kununua lenzi nyingine. Mfumo wa kuzuia mtikisiko uwekwe kwenye hali inayouruhusu mwendo wa mlalo na kudhibiti ule wa wima tu; ukiachwa katika hali ya kawaida, baadhi ya lenzi zitapigana na mkono wako.

Hata mkono ukiwa stadi, ndege mzima hatatulia. Mabawa yatasogea, na mwili hupanda na kushuka kidogo kwa kila mpigo. Tafuta kichwa. Kichwa kikiwa na ukali wa wastani, jicho la mtazamaji lina pa kutua, na yaliyobaki yote yanaruhusiwa kuyeyuka.

Jibu la tatu, ambalo halitulizi chochote, nitalipita haraka. Kamera ikisogezwa makusudi kwenda juu, chini au kwa mduara huku ndege naye akisogea, hutoka rangi na mikunjo ambayo wakati mwingine ni ya kupendeza sana. Nina mashaka nayo, kwa sababu mara nyingi mwendo unaoonekana ni wa mkono wa mpiga picha, na ndege amegeuzwa kuwa wino tu. Wenzangu wenye mawazo tofauti wapo hapa ukumbini, na najua watanijibu.

Sasa namba, ambazo nimezichelewesha makusudi. Jua likiwa kali, kwa ISO 100 na tundu la lenzi la f/16 (namba ya f ikikua, tundu la kupitisha mwanga hupungua), mwanga sahihi hupatikana kwa takriban 1/100 ya sekunde. Kushuka hadi 1/13 kunahitaji kuupunguza mwanga kwa hatua tatu, na kila hatua ni nusu ya iliyotangulia. Kufunga tundu hadi f/22 kunatoa hatua moja, na kushusha ISO hadi 50, kama kamera inaruhusu, kunatoa nyingine. Ya tatu inahitaji kichujio cha kijivu, kioo cha giza kinachowekwa mbele ya lenzi kupunguza mwanga. Njia safi zaidi ni kichujio kinachopunguza hatua zote tatu, ukabaki na f/16 na ISO 100. Tundu dogo sana hulainisha picha, jambo ambalo kwa kazi hii si la kujali, lakini lina adha nyingine: kila chembe ya vumbi kwenye sensa huonekana kama doa, na mandhari yetu laini ni mahali pabaya kabisa pa kuwa na madoa. Wengine hutumia kichujio cha polaraizi, kile kinachozuia miakisiko, kwa kuwa nacho hupunguza mwanga kwa hatua moja na nusu hadi mbili. Tahadhari, kwa sababu kinaweza kuondoa mng'ao wa mchanga uliolowa, na mara nyingi mng'ao huo ndio picha. Hali ya kuchagua ISO kiotomatiki ifungwe, au angalau itazamwe kwa karibu. Kwenye mwanga mkali kamera ikifika mwisho wa uwezo wake itakupa picha nyeupe bila kukuzuia. Na tripodi ikisimamishwa kwenye mchanga wa mawimbi, miguu yake izamishwe kwa nguvu, kwa maana wimbi linaporudi huchukua mchanga chini yake na kamera huzama katikati ya picha.

Kwa kweli, adui wa kazi hii ni saa sita mchana. Kabla ya jua kuchomoza na baada ya kuzama hakuna haja ya kichujio chochote, na kuna faida ambayo kichujio hakiwezi kuleta, nayo ni anga yenye rangi inayoakisiwa na maji huku nchi kavu ikiwa bado nyeusi. Saa hizo jaribu ndege waliolala. Kundi lililosimama kwa mguu mmoja, midomo imefichwa mgongoni, linaweza kutulia kwa sekunde nzima, na maji yanayopita kati ya miguu yao yakageuka maziwa. Ni mfano wa kupindua swali: ndege ndiye jiwe, bahari ndiyo mwendo.

Makundi yanayoruka yanahitaji neno la pekee. Calidris alpina na Calidris canutus, jamaa wa kitwitwi wetu mweupe, hukusanyika kwa maelfu, na kundi linapogeuka hewani, migongo ya kijivu hupotea na matumbo meupe huwaka kwa pamoja. Ukikumbuka kanuni ya chaki na makaa, utaelewa kwamba wakati wa kupiga ni ule wa matumbo, mbele ya wingu jeusi au maji yenye kivuli. Kundi zito katikati yake hutoka kama vumbi lisilo na umbo; kingo zake, ambako ndege mmoja mmoja ana nafasi ya kuandika mstari wake, ndiko kwenye picha. Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni kundi linapotua. Waliotangulia wameshakanyaga na wametulia, waliofuata wanafunga mabawa, wa mwisho bado ni mistari hewani, na yote hayo yameingia katika 1/15 moja ya sekunde, bila ujanja wowote.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Picha hizi hufeli mara nyingi sana, na mpiga picha aliyekosa kundi linaporuka hutamani liruke tena. Ni rahisi mno kusimama, kupiga makofi, kusogea hatua kumi. Naomba tukatae kabisa. Ndege wa jamii hii wanaishi kwa hesabu ya mafuta yaliyo mwilini. Mwaka 2022 chipukizi mmoja wa Limosa lapponica, ndege wa ufukweni mwenye mdomo mrefu, mwenye umri wa miezi 5 hivi na aliyevaa kifaa cha kufuatilia safari, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Wenzake wanaojiandaa kwa safari za namna hiyo hula wakati maji yamekupwa na hupumzika yanapojaa, na kila wanaporushwa bila sababu hutumia kile walichokikusanya. Subira si hasara kwa upande wetu pia. Maji yanapokaribia kilele, safu ya mbele hulowa miguu, huruka na kutua nyuma ya wenzake, kisha safu inayofuata hufanya vivyo hivyo. Bahari inatuinulia ndege kwa utaratibu wake, mara nyingi kwa saa nzima, na ndege wanaoinuka hivyo hawana mkao wa hofu: wanainuka chini chini, wanatua karibu, na mistari yao kwenye picha huwa mifupi na yenye mpangilio. Mruko wa hofu hutawanyika pande zote, nao kwa shata ya polepole huwa fujo tu. Anayewatisha ndege anawadhuru, na bado picha inakuwa mbaya.

Nimalizie na uchaguzi, maana mtu akirudi na mamia ya picha, kazi iliyobaki ni kukataa. Zitazame kwanza zikiwa ndogo kwenye skrini, kama vijipicha, kwa sababu picha ya ukungu isiyosimama ikiwa ndogo haitasimama ikiwa kubwa. Uliza kama ile sehemu uliyokusudia itulie imetulia kweli. Uliza kama kati ya mchirizi mmoja na mwingine kuna nafasi, na kama kuna doa la mwanga ukingoni linalomvuta mtazamaji kutoka kwa ndege. Usiongeze ukali kwenye kompyuta. Kingo za mchirizi zikikazwa hupoteza ule upole wa kuingia kwenye rangi ya nyuma. Kuongeza utofauti wa giza na mwanga kidogo kunatosha. Nashauri pia zichapishwe kwenye karatasi isiyong'aa, na maelezo chini ya picha yataje jina la ndege, kasi ya shata, na kwamba ukungu umetokea ndani ya kamera kwa shata moja. Siku hizi mtazamaji ana haki ya kujua hilo, na asiyeambiwa atadhani ni programu.

Kwenye meza iliyo nyuma ya ukumbi nimeweka picha za ndege yuleyule zilizopigwa kwa 1/60, 1/30, 1/15 na 1/8. Sikuziwekea namba kwa mbele. Tafadhali jaribuni kuzipanga wenyewe kabla ya kuzigeuza, kisha tuanze maswali.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.